MAFUTA YA MWANI: AHADI YA MIAKA SABINI

Mwanzoni mwa mwaka 2023 habari zilitoka Marekani kwamba ExxonMobil, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za mafuta ulimwenguni, imeacha kutoa fedha kwa ajili ya kazi ya kutengeneza mafuta kutokana na mwani. Habari hizo zilielezwa kwa maneno machache, zikapita. Lakini mwezi wa Julai, 2009, kampuni hiyo hiyo ilipotangaza kwamba iko tayari kutumia hadi dola milioni 600 katika kazi hiyo, tarumbeta zilipigwa kila upande, na kwa miaka mingi baadaye picha za maji ya kijani zikawa zikionyeshwa katika televisheni kana kwamba mafuta hayo yamekwisha kufika kwenye pampu. Ahadi ilitolewa kwa kelele. Kuachwa kwake kulinong'onezwa.

Twaona yafaa kulichungua jambo hili tangu mwanzo wake, kwani si jambo la Wamarekani peke yao. Kila nchi inayonunua mafuta yake ng'ambo, ikayalipia kwa fedha za kigeni ilizozipata kwa jasho la wakulima wake, inayo haki ya kuuliza kwa nini kitu kilichosemwa mara nyingi kwamba kitaikomboa dunia na mafuta ya kuchimba hakijaonekana sokoni mpaka leo. Je, tulidanganywa? Au kuna jambo ambalo hatukuelezwa sawasawa?

CHEMBE ISIYOONEKANA

Kwanza tulielewe neno lenyewe. Msomaji wa pwani akisikia mwani hukumbuka mara moja majani ya baharini ambayo akina mama wa Paje na Jambiani huyafunga katika kamba maji yakitoka, kilimo kilichoanza Unguja kwa biashara mwaka 1989. Mwani huo ni ndugu wa huu tunaousema, lakini haununuliwi kwa sababu ya mafuta. Hununuliwa kwa sababu ya ute wake, unaotiwa katika dawa ya meno na katika vyakula ili viwe vizito.

Mwani wa mafuta ni mdogo mno. Ni ule ukijani unaotanda ndani ya pipa la maji lililosahauliwa juani. Chembe moja yake haionekani ila kwa hadubini. Haina mzizi, haina shina wala jani. Muhindi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kujenga bua ambalo hatuli. Mwani hauna bua la kujenga. Chembe hula mwanga wa jua, hewa ukaa na chumvi chache za majini, ikapasuka zikawa mbili, na mara nyingi siku haipiti kabla ya hizo mbili kuwa nne. Aina kadhaa za mwani hujiwekea matone ya mafuta ndani ya chembe, kama ngamia ajiwekeavyo shahamu katika nundu.

Wala si ajabu kwamba mwani hutoa mafuta. Mafuta tunayoyachimba leo, kwa sehemu kubwa, asili yake ni mwani na viumbe wadogo wa bahari waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, wakazama, wakafunikwa na matope, wakapikwa na joto la ardhi. Mtaalamu anayeupika mwani katika maabara anajaribu tu kuifupisha kazi ya ardhi. Na imefupishwa kweli. Mwani mbichi, pamoja na maji yake, ukitiwa katika chombo kilichozibwa na kupashwa joto la kadiri ya digrii 350 za Selsiasi chini ya shinikizo kubwa, hugeuka mafuta mazito meusi kwa muda usiotimia saa moja. Maabara ya serikali ya Marekani iitwayo Pacific Northwest, iliyoko katika jimbo la Washington, ilionyesha mwaka 2013 mtambo unaofanya hivyo mfululizo, mwani ukiingia upande huu na mafuta yakitoka upande wa pili.

Basi mafuta yapo, na asije mtu akasema kwamba ni hadithi ya sungura na fisi. Shida ni bei, na bei hiyo imejificha ndani ya maji.

Natupige hesabu kidogo. Katika bwawa lililo wazi, lita moja ya maji ya kijani, hata yakiwa mazito machoni, huwa na kadiri ya nusu gramu tu ya mwani mkavu. Kwa hiyo mwenye kutaka kilo moja ya mwani hana budi kuchuja lita 2,000 za maji, yaani mapipa kumi ya lita mia mbili. Na kilo hiyo si mafuta yote. Ikiwa robo yake ni mafuta, basi katika mapipa yale kumi amepata zaidi kidogo ya robo lita! Maji hayo yalipigwa pampu. Yalikorogwa mchana na usiku na gurudumu la makasia ili chembe zote zipate jua. Mwani ukachujwa, ukakamuliwa, pengine ukakaushwa. Kila hatua yataka nguvu, na nguvu ni mafuta au umeme. Tena mwani una njaa kubwa. Kilo moja yake humeza karibu kilo 1.8 za hewa ukaa, na hewa ukaa iliyomo angani ni haba mno kwa kuutosheleza, hata ikalazimu kuletewa nyingine kwa bomba kutoka katika bomba la moshi la kiwanda. Asiyeyahesabu haya yote huona kijani kibichi akadhani ameona utajiri.

MIAKA KUMI NA MINANE

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1951, juu ya paa la jengo moja huko Cambridge, Massachusetts, mirija ya plastiki iliyojaa mwani ilianikwa juani kwa majaribio yaliyogharimiwa na Taasisi ya Carnegie, na mwaka 1953 kikatoka kitabu kizima cha matokeo yake, kilichohaririwa na John Burlew. Wakati ule hamu kubwa ilikuwa chakula, kwani watu waliogopa kwamba dunia itajaa na njaa itaenea. Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, William Oswald na Clarence Golueke, walitoa shauri jingine: mwani ustawishwe katika mabwawa makubwa kwa maji machafu ya miji, kisha uchachushwe utoe gesi, na gesi iendeshe mitambo ya umeme. Oswald ndiye aliyeyaendeleza yale mabwawa ya kina kifupi yanayozunguka kama uwanja wa mbio, ambayo hata leo ndiyo yanayotumika mahali pengi. Shauri lao lilisomwa, likasifiwa, likawekwa kabatini, maana mafuta ya kuchimba yalikuwa rahisi kama maji.

Halafu ukaja mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, bei ikapanda mara nne, na mataifa makubwa yakapanga foleni kwenye pampu. Hapo kabati likafunguliwa. Mwaka 1978, katika utawala wa Rais Carter, Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mpango wa kuchunguza viumbe vya majini vinavyoweza kutoa mafuta. Mpango huo ulidumu mpaka mwaka 1996, na katika miaka yote kumi na minane ulitumia kiasi cha dola milioni 25. Msomaji azilinganishe fedha hizo na zile milioni 600 zilizotangazwa baadaye.

Kwa fedha hizo chache kazi kubwa ilifanyika. Wataalamu walitoka na chupa zao wakaenda kwenye vidimbwi vya chumvi vya jangwani, kwenye maziwa ya magadi na kwenye pwani za Florida na Hawaii, wakateka maji. Walikusanya aina zaidi ya 3,000 za mwani. Wakazijaribu moja moja: ipi yastahimili joto, ipi yastahimili chumvi, ipi ina mafuta, ipi yakua upesi. Mwishoni walibakiza aina kama 300 walizoona zafaa.

Katika kazi hiyo waligundua jambo moja ambalo ndilo fumbo la habari hii yote. Mwani ukinyimwa naitrojeni, yaani chakula chake cha kujengea mwili, huanza kujiwekea mafuta kwa wingi, kama mtu aonaye dalili za ukame akaanza kujaza ghala. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini walipopima tena wakaona kwamba mwani uliotiwa njaa hunenepa bila kuzaana. Kila chembe ina mafuta mengi, na bwawa zima lina chembe chache. Jumla ya mafuta kwa siku haikuongezeka hata kidogo. Mwani ulikuwa umewaambia wachague kimoja, wingi au unono, na wao walitaka vyote viwili.

Huko Roswell, katika jimbo la New Mexico, walichimba mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja, ili waone mambo yatakavyokuwa nje ya maabara. Siku moja njema, kila mita ya mraba ilitoa gramu 50 za mwani. Hata hivyo usiku wa jangwani una baridi, na wastani wa mwaka mzima ukawa kadiri ya gramu 10 tu. Tena aina zilizolelewa kwa upole katika chupa, zilipotiwa bwawani, mara nyingi zilishindwa na mwani wa porini uliokuja wenyewe na upepo. Mkulima yeyote anayepigana na magugu angaliweza kuwaambia hayo kabla hawajachimba.

Ilipofika mwaka 1996 mafuta yalikuwa yamekwisha kuwa rahisi tena, na wizara ikaamua kuelekeza fedha zake katika ethanoli. Mpango ukafungwa. Taarifa yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1998, ilisema kwa uaminifu kwamba hata tukikadiria mema matupu, dizeli ya mwani ingegharimu mara mbili ya dizeli ya kawaida.

Kufungwa si kosa. Serikali hukata matumizi kila mwaka. Lililotusikitisha ni yaliyoipata ile mbegu. Aina zilizobaki zilipelekwa Chuo Kikuu cha Hawaii kutunzwa. Mwani ulio hai hauwezi kuwekwa rafuni kama kitabu. Lazima uhamishwe kila mara katika maji mapya, ulishwe, uangaliwe, na mwenye kuuangalia alipwe mshahara. Fedha za kazi hiyo zilipokwisha, chupa moja baada ya nyingine ikafa. Zaidi ya nusu ya hazina hiyo ilipotea. Katika aina 51 zilizokuwa zimechunguzwa kwa makini kuliko zote, Wizara yenyewe ilipoandika upya habari za mwani mwaka 2010, zilizokuwa zimesalia hai huko zilikuwa 23 tu. Miaka ya jasho la watu walioteka maji jangwani ilikauka ndani ya chupa kwa kukosa mtu wa kubadilisha maji.

SUKARI GIZANI

Mwaka 2008 bei ya pipa la mafuta ilifika dola 147, na mapenzi ya zamani yakarudi kwa kishindo. Kampuni zilichipuka kama uyoga. Tarehe 7 Januari, 2009, eropleni ya kampuni ya Continental iliruka kutoka Houston kwa majaribio, injini yake moja ikitumia mafuta ya kawaida yaliyochanganywa na mafuta ya mwani na ya mbono. Mbono huo ni ule ule unaopandwa kwetu kando ya makaburi na mipakani mwa mashamba. Twautaja kwa sababu homa iliyoipandisha ndege ile ndiyo iliyofika mpaka Kisarawe na Kilwa, ambako maelfu ya hekta za vijiji yalitolewa kwa kampuni za kigeni ili zipande mbono. Kufikia mwaka 2011 kampuni hizo zilikuwa zimefilisika, na wanavijiji wakabaki wakiulizana ardhi yao sasa ni ya nani. Mwani ulisifiwa kwamba hautagusa shamba la mtu, maana waweza kukua jangwani na katika maji ya chumvi. Sifa hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyowavuta hata watu wenye busara.

Jeshi la Majini la Marekani nalo likaingia sokoni. Lilinunua kutoka kampuni ya Solazyme kama galoni 20,000 za mafuta ya mwani kwa dola milioni 8.5, ambayo ni zaidi ya dola 400 kwa galoni moja. Mwaka 2012, katika mazoezi ya kivita karibu na Hawaii, manowari zake zilichoma galoni 450,000 za mafuta ya mwani na ya kukaangia yaliyokwisha kutumika, yaliyochanganywa na mafuta ya kawaida. Hayo yaliligharimu dola milioni 12, na katika Kongresi wakapiga kelele, si bure.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawakuambiwa. Mwani wa Solazyme haukuota juani. Ulikuzwa gizani, ndani ya matangi ya chuma, ukilishwa sukari. Sukari hutoka katika miwa, na miwa hutoka shambani! Kwa hiyo ile sifa ya mwani kuishi kwa jua na hewa, pasipo kugusa shamba, ilikuwa imeachwa mlangoni. Njia hiyo yaweza kuwa nzuri kwa kutengeneza mafuta ya kupikia ya bei kubwa, na kampuni yenyewe ilielekea huko baadaye, lakini haikuwa jibu la swali lililoulizwa.

Turudi kwa ExxonMobil. Mshirika wake alikuwa kampuni ya Synthetic Genomics, ya Craig Venter, mtaalamu aliyepata sifa kwa kuzisoma jeni za binadamu. Mwaka 2013 mkuu wa ExxonMobil wakati huo, Rex Tillerson, alikiri hadharani kwamba mafuta hayo yamkini yako mbali kwa zaidi ya miaka 25. Kazi ikaanzwa upya. Kisha mwaka 2017 ikatoka habari ambayo wazee wa Roswell wangaliifurahia: wataalamu wa Synthetic Genomics waliipata jeni moja katika mwani uitwao Nannochloropsis, wakaipunguza nguvu, na mafuta ndani ya chembe yakapanda kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya asilimia 40, na mwani ukaendelea kukua karibu kama kawaida. Lile fumbo la wingi na unono, lililokuwa limewashinda watu tangu miaka ya 1980, lilikuwa limepasuka ufa.

Mwaka 2018 kampuni hizo mbili zikasema zinatarajia kuwa na uwezo wa kutoa mapipa 10,000 kwa siku ifikapo mwaka 2025. Dunia hutumia karibu mapipa milioni 100 kila siku. Kwa hiyo hata ahadi hiyo ingalitimia, ingalikuwa pipa moja katika kila mapipa elfu kumi. Haikutimia. Bei ya mafuta iliyokuwa juu ya dola 100 katikati ya mwaka 2014 ilikuwa imeshuka chini ya 30 mwanzoni mwa 2016, na wenye fedha walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja. Sapphire Energy, iliyokuwa na mabwawa makubwa huko Columbus, New Mexico, na dhamana ya mkopo ya serikali, iliuzwa mwaka 2017. Mwaka huo huo na ile Solazyme, chini ya jina jipya, ikafilisika. ExxonMobil ilichelewa tu kuondoka.

Mwenye kuitazama tarehe hizi ataona kwamba utafiti huu umekuwa ukichezeshwa ngoma na bei ya kitu kile kile unachotaka kukiondoa. Mafuta yakipanda, mwani unapandwa. Mafuta yakishuka, mwani unang'olewa kabla haujakomaa. Twajua kwamba watetezi wa biashara watasema hakuna ubaya, kila mtu na aweke fedha zake panapolipa. Sawa kwa mwenye duka. Lakini jambo linalotaka miaka thelathini ya subira haliwezi kulelewa na mtu anayetazama bei ya jana jioni, na chupa za Hawaii ni shahidi.

Wala tusijidanganye kwamba subira peke yake ingalitosha. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilifanya hesabu ambayo yafaa isomwe katika kila wizara ya kilimo. Ili kupata lita bilioni 39 za mafuta ya mwani kwa mwaka, kiasi cha asilimia 5 tu ya mahitaji ya usafiri ya nchi ile, zingetakiwa tani milioni 6 hadi 15 za naitrojeni na tani milioni 1 hadi 2 za fosforasi, kama virutubisho hivyo havitarudishwa na kutumika tena. Naitrojeni hiyo ni kati ya asilimia 44 na 107 ya yote inayotumiwa katika Marekani nzima. Mbolea ni hiyo hiyo anayoitafuta mkulima wa mahindi wa Songea na wa Eldoret, na fosforasi huchimbwa katika miamba ya nchi chache. Kumpokonya mkulima mfuko wa mbolea ili kuendesha gari la mtu mwingine ni njia ya pili ya kumpokonya shamba.

Ndiyo maana tunaliona lile shauri la Oswald na Golueke la mwaka 1960 kuwa ndilo lenye akili kuliko yote yaliyofuata, ijapokuwa halikuwa na mvuto wa kutangazwa katika televisheni. Maji machafu ya mji yamejaa naitrojeni na fosforasi ambazo tumekwisha kuzilipia mara moja katika chakula chetu, na mji hauna budi kuyasafisha kwa gharama vyovyote iwavyo. Mwani ukiyasafisha, gharama ya maji na ya mbolea imelipwa na kazi nyingine, na mafuta au gesi ni faida ya juu.

Katika mji mdogo wa Chiclana de la Frontera, kusini mwa Hispania karibu na Cádiz, jambo hilo limefanywa. Kazi ilianza mwaka 2011 kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Maji machafu ya mji yaliingizwa katika mabwawa yanayozunguka, mwani ukaota humo kwa jua la Andalusia bila kununuliwa mbolea, ukavunwa, ukachachushwa, na gesi yake ikasafishwa na kutiwa katika magari ya majaribio. Magari hayo yalikuwa machache, na hapana aliyeahidi kwamba yataikomboa dunia. Yalikuwa yakitembea barabarani, na maji yaliyotoka mabwawani yalikuwa safi kuliko yalivyoingia.